Shahidi wa Bi Olinka

Kwa siku nane karatasi ya kura ilikaa salama chini ya kadibodi ya mezani. Hapo ndipo Bi Olinka Wassillie alipoweka kila kitu asichotaka kipotee: cheti chake cha kuzaliwa, picha za wajukuu waliokwenda kuishi mjini, kibali cha kuvua samaki. Hakuna aliyeigusa kadibodi ile isipokuwa kwa kukatia samaki juu yake, na humo ndimo kosa lilimolala.

Jumatatu mchana binamu yake Evon aliingia bila kubisha hodi, akavua buti mlangoni, akakaa. Alikuwa binamu wa utani. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kumchokoza Olinka, na kazi ya Olinka ilikuwa kumrudishia maradufu.

"Nasikia umevunja mguu makusudi ulishwe bure," Evon alisema, akiutazama mguu uliofungwa plasta.

"Nimeuvunja nisije nikakufuata nyuma nikasikia unavyonisengenya. Kula."

Akamkatia samoni mkavu kwa kile kisu chake cha nusu mwezi, akafungua chupa ya mafuta ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi. Evon akanyoosha mkono achovye, kiwiko kikaipiga chupa ubavuni. Mafuta ya sili hayana haraka. Yalitambaa polepole juu ya kadibodi, manene, ya manjano, na wawili hao walipokwisha kucheka na kuinua chupa, kadibodi ilikuwa imekunywa nusu yake.

Olinka aliacha kucheka ghafla. Aliinua pembe ya kadibodi. Karatasi ya kura ilikuwa imelowa chepe, imekuwa kama kioo cha dirisha. Ukiishika, vidole vyako unaviona upande wa pili.

"Ianike juu ya jiko," Evon alisema kwa sauti ndogo.

"Umewahi kuona mafuta ya sili yakikauka?"

 Evon alijua, kama kila mtu pale Nanvarluk, kijiji chao cha mtoni kaskazini kwenye barafu, alivyojua, karatasi ile ilikuwa na maana gani.

Miaka miwili nyuma uchaguzi wa bodi ya shule za mkoa ulikwenda sare. Watu mia mbili na kumi na mbili huku, mia mbili na kumi na mbili kule. Kura hizi hupigwa kwa posta. Unajaza, unatia kwenye bahasha, bahasha inapanda ndege ndogo. Mwaka ule ukungu uliizuia ndege siku tatu, na bahasha ya Bi Olinka ikapigwa muhuri siku moja baada ya siku yenyewe. Haikuhesabiwa. Ikarushwa sarafu, na sarafu ikamwangukia bwana mmoja aliyeamini kwamba shule yenye watoto chini ya kumi ni kuni zinazoungua bure. Kabla ya mwaka kuisha shule ya kijiji cha jirani ikafungwa. Barafu ilipoyeyuka, familia saba zilikuwa zimeshahama, na sasa pale hakuna anayewasha taa.

Shule ya Nanvarluk ilikuwa na watoto kumi na mmoja.

Safari hii Carrie Moses, mwalimu mstaafu, alikuwa akigombea ili shule ndogo zisiguswe. Bi Olinka hakumwambia mtu kwamba sare ile ilikuwa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemlaumu pia. Lakini kila alipoisikia kengele ya shule asubuhi, moyo wake ulihesabu hadi kumi na moja na kusimama hapo. Aliapa kwamba kura ya mwaka huu itafika hata kama itamlazimu kuibeba mwenyewe mgongoni. Kisha akateleza kwenye njia ya mbao, kifundo kikavunjika, bahasha ikabaki ikingoja ndege ya Jumatatu jioni, na leo, siku moja kabla ya uchaguzi, kura yenyewe ikanywa mafuta.

Mlango ulifunguka tena. Aliyeingia alikuwa Verna Nicholai, mhudumu wa zahanati, mama wa watoto watatu, wa nne akiwa tumboni. Alikuja kutazama mguu. Alisimama katikati ya chumba akanusa.

"Mke wangu, umeoga mafuta?"

"Mume wangu, njoo uone balaa," Bi Olinka alisema.

Wasomaji wangu wasishangae. Sisi tunajua habari ya bibi kumwita mjukuu mume wake, lakini kule si mzaha tu. Mume wa Bi Olinka aliitwa Angalgaq, na kwenye vyeti aliandikwa Nick Wassillie. Mto ulimchukua mwaka 1987, majira kama haya, barafu ikiwa bado nyembamba. Mjane alikaa majira ya baridi yote akitazama ukutani, chakula hakipiti kooni. Mwezi wa nne akazaliwa mtoto nyumba ya tatu kutoka kwake, akapewa jina la Angalgaq. Kwa watu hawa jina halina mwanamume wala mwanamke. Jina ni mtu aliyerudi. Mama wa mtoto alimleta yule mchanga, akamweka mapajani mwa Olinka akisema, "Mumeo ana njaa." Siku hiyo Olinka alikula. Tangu hapo kila alichompa Verna, kuanzia glavu mpaka kipande cha samaki, alimpa mumewe, na Angalgaq huko aliko akavaa na kushiba. Verna alikua akiitwa mume, akaolewa akiitwa mume, na mwanamume aliyemwoa alimjia Bi Olinka kuomba ruhusa huku amekunja uso asicheke.

Verna aliichukua ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Hii mashine ya kuhesabia itaitema."

"Niandikie mpya."

"Mimi siandiki kura, mke wangu. Ngoja."

Alipiga simu ofisi ya uchaguzi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Posta haikuwa na maana tena. Mto ulikuwa unaganda, boti hazipiti, barafu haijabeba mtu, na ndege ya jioni ile ilikuwa imeahirishwa hadi Jumatano. Sauti ya upande wa pili ikasema iko njia. Mpiga kura aliyeharibikiwa anaweza kuomba karatasi mbadala kwa mtandao, mradi ombi lifike kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo. Atatumiwa kwa barua pepe. Ataichapisha, ataijaza, atatia sahihi mbele ya shahidi, kisha ataituma kwa faksi. Mwisho kesho saa mbili usiku. Ikipita dakika moja, basi.

Waliijaza fomu ya ombi kwenye simu ya Verna. Tarehe ya kuzaliwa, namba nne za mwisho za kitambulisho, sababu. Penye sababu Verna aliandika: mafuta ya sili. Mtandao wa setilaiti ulikuwa unakuja na kwenda kama mtu anayesinzia. Verna alitoka nje, akapanda juu ya pipa la mafuta ya taa, tumbo lake mbele, simu juu kichwani, na Bi Olinka akimtazama dirishani akasahau kupumua. Saa kumi na dakika arobaini na saba ombi likaondoka.

"Ukianguka hapo," Bi Olinka alimwambia aliporudi, "utaniacha mjane mara ya pili, na safari hii sitakusamehe."

Kesho yake, Jumanne, karatasi mbadala ilifika kwenye barua pepe ya zahanati asubuhi, lakini mtandao uliishusha tone kwa tone mpaka saa saba mchana. Verna aliichapisha, akaitia kifuani ndani ya koti, akaja nayo kwa pikipiki ya magurudumu manne juu ya njia za mbao zilizojaa umande ulioganda. Pamoja na kura kulikuwa na kurasa mbili: ukurasa wa kiapo, na ukurasa mwingine ambao Verna aliusoma kwa sauti.

"Unakubali kwamba ukirudisha kura kwa faksi, siri yako haitalindwa kikamilifu."

"Siri gani?" Evon aliuliza kutoka pembeni. "Tangu mwezi wa saba anatuhubiria Carrie Moses mpaka kwenye nyumba ya kuogea mvuke. Watu wanajimwagia maji waondoke."

"Wewe ulimpigia nani?" Bi Olinka akamuuliza.

"Mimi nilitia kwenye bahasha. Siri yangu ina bahasha."

Bi Olinka alisafisha meza mara tatu kwa kitambaa. Akaweka karatasi, akajaza kiduara penye jina, polepole, akikikoleza mpaka kingo zote zikawa nyeusi. Akatia sahihi. Verna akatia yake penye shahidi kwa haraka, maana zahanati walikuwa wanamwita kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumziana iliyoko kila nyumba. Mzee mmoja kifua kilikuwa kimembana. Akazikunja karatasi, akaondoka. Saa tisa kasorobo redio ikasema kwa sauti ya Verna: "Mke wangu, imekwenda."

Kijiji kizima kilisikia, maana redio ile haina siri. Sauti tatu nne zikapongeza. Bi Olinka aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliuhisi mguu wake unauma.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini simu yake ikalia.

Aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Colby, ofisa wa uchaguzi, kijana kwa sauti, mwenye adabu. Aliongea Kiingereza, na Bi Olinka alimjibu kwa Kiingereza chake kifupi cha darasa la sita.

"Mama Wassillie, kura yako tumeipata. Kuna jambo dogo tu. Shahidi ametia sahihi lakini hakuandika jina lake, na sahihi haisomeki. Shahidi ni nani?"

"Mume wangu," Bi Olinka alisema.

"Vizuri. Jina lake?"

"Angalgaq. Kwa vyeti, Nick Wassillie."

Alisikia vidole vikigonga vitufe. Kisha havikugonga tena.

"Mama, hapa kumbukumbu zinaonyesha Nick Wassillie alifariki mwaka 1987."

"Ndiyo. Alifariki."

"Na ametia sahihi leo?"

"Leo mchana. Hapa mezani."

Evon aliweka kikombe chini.

"Mama," kijana alisema taratibu, "kwa sasa yuko wapi?"

"Yuko zahanati. Anampima mtu presha."

 Bi Olinka, aliyekuwa amejibu kila swali kwa ukweli mtupu kama alivyosema kila siku kwa miaka thelathini na sita, alitambua sasa kwamba hakueleweka. Alijaribu kueleza: jina, mtoto, mwezi wa nne. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia sukari, hakikuwa cha kubebea mambo haya. Alisikia maneno yakimwanguka mikononi.

Colby alimsikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe. Alikuwa na wiki tano kazini na kitabu cha kanuni mbele yake. "Nadhani nimeelewa kidogo," alisema. "Ni jirani yako, sivyo? Basi tuondoe mkanganyiko. Wewe niambie tu kwamba huyu si mume wako, kwamba ulikosea. Nitaandika hivyo, yaishe."

Jambo dogo kweli. Maneno matatu. Bi Olinka alifungua mdomo ayaseme.

Hayakutoka. Aliuona mto. Aliiona ile baridi ya mwaka themanini na saba, na mtu amesimama nje ya mlango anangoja aitwe ndani.

"Siwezi kusema hivyo," alisema.

"Mama, bila hivyo lazima niiweke kando. Sahihi ya marehemu... hiyo naweza kutakiwa kuiripoti."

"Siwezi."

Kijana alivuta pumzi. "Basi iko njia moja tu. Ukurasa wa kiapo upya, na jina la shahidi liandikwe wazi. Chini pana mistari ya maelezo. Eleza ni nani. Uniletee kabla ya saa mbili."

"Nieleze kwa Kiingereza?"

"Kwa lugha yoyote. Sheria inakuruhusu. Tunaye mama hapa anayesoma Kiyupik chenu, lakini amebanwa na simu tangu asubuhi, siwezi kukuahidi. Kabla ya saa mbili, mama. Tafadhali."

Evon aliinyakua redio. "Verna, Verna. Acha kila kitu. Mkeo amefanywa mhalifu. Chapisha ukurasa mwingine wa kiapo, uje nao."

Verna alifika baada ya dakika ishirini akiwa na ukurasa mpya wa kiapo, uso umepigwa na upepo. Alisimuliwa. Mwanzoni alicheka, alipomwona Bi Olinka hacheki, akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Sema tu mimi si mumeo. Mpigie, sema. Mimi sitakasirika."

"Wewe hutakasirika. Na yeye?"

 Hakuna aliyeuliza mle chumbani ni nani huyo yeye.

"Nitashuhudia mimi," Evon alisema. "Atie sahihi upya mbele yangu, niandike jina langu kubwa kama la duka. Mimi hajawahi kuniita mume, Mungu ameniepusha. Dakika tano tumemaliza."

Shauri lilikuwa jema, na saa ilikuwa saa moja na dakika kumi. Verna alikwisha kumpa kalamu. Bi Olinka aliitazama ile kalamu mkononi mwa Evon.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema. "Mama yangu alikwenda kupiga kura. Alivaa joho lake jipya la maua. Mtu mezani akampa kitabu, akamwambia asome mstari kwa Kiingereza. Mama alijua hali ya barafu kwa kuigonga na fimbo, alijua nyota zote, alijua ukoo wa kila mtu mtoni. Mstari ule hakuujua, na kura hakupewa. Alirudi nyumbani, akalivua joho, hakulivaa tena." Alimnyang'anya Evon kalamu. "Wakati ule walitaka mama yangu asome kwanza. Leo wanataka nimfute mume wangu kwanza. Nikikubali, kesho watataka nini?"

"Hawataki ubaya, mke wangu," Verna alisema. "Hawajui tu."

"Basi wajue. Kama haki yangu ni lazima niifikie nikiwa nimejipunguza, hiyo ni haki ya mtu mwingine amevishwa nguo zangu. Mimi siitaki."

"Na shule?" Evon aliuliza. Hapo hakuwa anatania.

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Bi Olinka.  Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kuandika.

Aliandika kwa lugha yake, kwa herufi zile alizojifunza ukubwani kwenye darasa la kanisani, kubwa kubwa, zimeinamia mbele kama watu wanaotembea kwenye upepo. Aliandika kwamba shahidi wake kwa vyeti ni Verna Nicholai, mtu mzima, na kwamba ameona kwa macho yake kura ikijazwa. Aliandika kwamba Verna ndiye aliyeshika jina la Angalgaq tangu mwaka 1988, na kwamba kwa hiyo ni mume wake, na kwamba hajakosea. Akatia sahihi. Verna akatia yake, na safari hii akaandika jina kwa herufi kubwa.

Saa moja na dakika ishirini na tisa pikipiki ikanguruma kuelekea zahanati.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza kwa Bi Olinka, nayo ilikuwa kukaa kitini. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka baharini, na taa zilififia mara mbili. Evon alichemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa. Redio ilikuwa mezani kati yao.

"Mashine imewaka," ikasema kwa sauti ya Verna. Saa moja na dakika thelathini na tisa.

Kisha: "Laini ina shughuli."

"Piga tena," sauti ya kike ikasema, nayo haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile. Kijiji kilikuwa kinasikiliza.

"Bado ina shughuli."

"Toa simu ya zahanati ukutani, chomeka faksi moja kwa moja," mwanamume mmoja akashauri. Alikuwa fundi wa jenereta.

"Nani anatumia simu sasa hivi?" sauti ya mzee ikauliza kwa ukali. "Kila mtu aweke simu chini. Tuachieni laini."

 Bi Olinka aliwaza nyumba thelathini na nne, kila moja na mtu ameinama juu ya redio yake. Taa zikafifia tena, zikarudi. Saa moja na dakika arobaini na sita.

"Inaita," Verna alisema. "Inaita. Imeshika. Ukurasa umeingia nusu..."

Taa zikazimika.

Evon alitamka neno ambalo si la kuandikwa. Ndani ya giza la jioni Bi Olinka alisikia mapigo ya moyo wake mpaka kwenye plasta ya mguu. Alihesabu, maana hakuwa na jingine la kufanya. Alipofika tisini na kitu jenereta ilikohoa upande wa pili wa kijiji, na taa zikaja moja moja. Redio ilikuwa ya betri, lakini haikusema kitu. Verna alikuwa hana mkono wa kuishika.

Saa moja na dakika hamsini na tatu: "Imepita. Yote. Nina risiti mkononi. Imepita."

Hakuna aliyeshangilia redioni. Kupita si kukubaliwa, na watu wale wana desturi ya kutosifu samaki aliye bado majini.

Saa moja na dakika hamsini na nane simu ililia. Bi Olinka aliacha ilie mara mbili ili sauti yake itulie.

Haikuwa sauti ya Colby. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na alizungumza Kiyupik cha watu wa pwani, kile cha kuburuta maneno.

"Wewe ndiye mke wa Angalgaq?"

"Ndiye mimi."

"Huyo mumeo ana watoto wangapi sasa?"

"Watatu. Na mmoja tumboni."

"Anajitahidi," mwanamke alisema. "Mimi nina baba yangu hapa mjini. Ana miaka sita. Jana amekataa kuvaa soksi, na mimi naogopa kumchapa baba yangu." Alicheka kidogo, kisha sauti ikawa ya kazi. "Nimeusoma ukurasa wako. Nimemweleza kijana, naye ameandika kwenye faili kama ulivyosema, neno kwa neno. Kura imepokelewa saa moja na dakika hamsini na mbili. Iko ndani."

Bi Olinka alisema asante. 

Nyuma ya mwanamke yule alisikika Colby akiuliza kitu. "Anauliza," mwanamke alisema, "huko kwenu wako wengi wa namna hii? Anataka kujua kwa ajili ya uchaguzi ujao."

"Mwambie sote," Bi Olinka alijibu.

Matokeo yalitoka baada ya siku kumi, mto ukiwa umeshaganda na watu wamesharudi kwenye pikipiki za theluji. Carrie Moses alishinda kwa kura sita. Evon ndiye aliyeleta habari, akaingia bila kubisha hodi, akavua buti, akakaa mezani ambako safari hii kadibodi haikuwa na kitu chini yake.

"Sita," alisema. "Umetutesa kijiji kizima, umetaka kumwua mwanamke mjamzito juu ya pipa, kumbe kura sita. Ungelala tu, binamu, na angeshinda."

Bi Olinka aliendelea kukata samaki. Nje kengele ya shule ilikuwa inalia.

"Zitaje hizo sita," alisema. "Moja moja, na jina la mwenyewe. Ukifika kwenye ile isiyohitajika, uniambie ni ya nani, tukampe pole."

Evon alianza kuhesabu kwa vidole. Alitaja moja, akataja ya pili. Kwenye ya tatu akasita, akatazama kidole chake, kisha akanyoosha mkono kuchukua samaki, kwa uangalifu sana, akiiepuka chupa.